Namba Tatu Mlangoni kwa Mama Whitney

Nekoye Sifuna hakuzaliwa na hasira. Hasira alifundishwa na antena. Ukimuuliza atakuambia kwamba aliingia kazini akiwa na roho safi, na kwamba aliyemharibu ni yule fundi aliyeipa antena moja ya Soweto West, mtaa mmoja wa Kibera, jina la Usiguse, ya pili akaiita Usiguse Mpya, na ya tatu, kwa sababu zake mwenyewe, akaiita Arsenal. Hakuandika popote ni ipi inayoongea na ipi.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, wiki yake ya kwanza Paa kwa Paa. Ni kampuni ndogo yenye ofisi ya vyumba viwili kule Riruta, upande wa Kawangware, nayo husambaza intaneti Kibera na Kawangware kwa antena zinazorushiana mawimbi kutoka paa moja hadi jingine. Kila antena ina mipangilio yake ndani, yaani yale maagizo yanayoiambia iongee na nani, kwa masafa gani, na imruhusu nani kuingia. Siku hiyo ya kwanza Nekoye aliomba aonyeshwe mahali mipangilio hiyo imehifadhiwa. Wakamwonyesha simu ya fundi mmoja iliyopasuka kioo, na boksi la kadibodi ambalo nyuma yake mtu alikuwa ameandika nywila kwa kalamu ya wino mwekundu.

Mwanamke mwingine angecheka. Nekoye hakuweza, maana alilelewa vibaya kwa kazi ya namna hiyo. Baba yake alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sukari huko Bungoma, mtu ambaye alijua kila msumari unalala kopo gani, na mtoto akirudisha koleo kwenye rafu isiyo yake aliamshwa usingizini akairekebishe. Nekoye aliirithi tabia hiyo nzima. Nyumbani kwake Kawangware, kopo la sukari limeandikwa SUKARI na la chumvi CHUMVI, ingawa anaishi peke yake na anajua vizuri ni lipi. Dada yake Mourine alipomtembelea alibandika karatasi kwenye sofa iliyoandikwa KITI, ili amkere. Nekoye aliiacha pale wiki nzima, kwa sababu haikuwa na kosa.

Kilichomsukuma hadi akaandika kiwango chake ni balaa la Riruta. Kulikuwa na mechi, mteja mmoja wa Makina, huko Kibera, akalalamika kwamba picha inakwama, na mtu akapanda paa akambadilishia masafa. Mteja akaona mechi yake. Riruta nzima ikakosa intaneti siku mbili, kwa sababu yale masafa yalikuwa yao. Nekoye alipanda mapaa kumi na manne akitafuta tatizo, na kwenye la kumi na nne akamkuta mwenye makosa amekaa anakunywa chai.

Huyo ndiye Jeconia Osewe, fundi mkuu wa Kibera, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akipachika antena za televisheni Kibera kabla Nekoye hajamaliza shule ya msingi. Wala hakuona haya. Alimweleza kwamba palikuwa na shida naye akaitatua, na kama Riruta walikuwa na shida yao wangepiga simu. Osewe alikuwa na mtandao mzima wa Kibera kichwani, kila antena, kila waya, kila mwenye nyumba mkorofi, na lazima mtu akubali kwamba alikuwa nao sawasawa. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine anayeweza kuingia kichwani mwa Osewe. Aliposafiri kwenda Siaya kwenye msiba wa shemeji yake, Kibera iliendeshwa wiki mbili kwa simu kutoka matangani, huku nyimbo za maombolezo zikisikika nyuma yake na yeye akisema bonyeza hapo, sasa rudi, sasa bonyeza tena.

Basi Nekoye akaandika. Aliandika miaka minne, jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya kanisa, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akawa na kurasa kumi na moja. Kiini chake si kigumu. Kila antena iwe na kadi yake ndani ya kompyuta ya ofisini, na kadi zote ziwe na umbo moja: jina, mahali ilipo, inaongea na antena gani, masafa yake, na nani aliyeidhinisha badiliko la mwisho. Kadi isiyojazwa yote haikubaliwi. Fundi haruhusiwi kugusa antena kwa mkono wake; anabadilisha kadi, na kompyuta inaipelekea antena habari. Kila siku saa nne asubuhi kompyuta inazungukia antena zote ikilinganisha kila moja na kadi yake. Zikitofautiana, inayokosea ni antena, na kompyuta inairudisha kwenye mstari bila kumuuliza mtu.

Sharti hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Alikuwa akilisoma peke yake kwa sauti.

Mitandao mingine midogo ilisikia. Kumbe wote walikuwa na Osewe wao. Kuna muungano wa mitandao tisa ya mitaa, kutoka Kisumu, Nakuru, Mathare na kwingineko, na wote walikubali kujaribu kiwango cha Nekoye kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha wangekutana Makina, siku ya Ijumaa, kila mtandao ukiwa umejaza kadi zake zote, na kupiga kura kikubaliwe kuwa kiwango cha wote. Muigai, mkurugenzi wa Paa kwa Paa, ambaye miaka minne yote alikuwa akiziita zile kurasa insha yako, ghafla akaanza kuziita kiwango chetu.

Nekoye aliitaka ile kura kwa namna iliyomwaibisha. Kabla ya Paa kwa Paa alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye kampuni kubwa, akikodolea macho skrini kwa zamu, na kila wazo alilotoa lilipanda ghorofani likiwa na jina la msimamizi wake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Ukurasa wa kwanza wa kiwango ulikuwa na mstari mmoja chini ya kichwa: Kimetungwa na N. Sifuna. Alitaka mitandao tisa iusome mstari huo, basi. Hakuwa na ndoto nyingine kubwa.

Na kati yake na ndoto hiyo alisimama Osewe, na kisanduku kimoja cha kadi kilichoitwa Mahali.

Kawangware walikijaza kwa siku mbili. Huko plot, yaani viwanja vya nyumba za kupanga, zina namba, namba imepakwa rangi getini, na kuna mlinzi au keateka, mtunzaji wa nyumba, wa kumwuliza. Plot anayoishi Nekoye ni 62, keateka wake anaitwa Kyalo, na Kyalo mwenyewe alisimama chini ya paa akahesabu antena kwa kidole ili pasiwe na ubishi. Kibera kadi thelathini na moja zilibaki na kisanduku kitupu. Kisha Osewe akaanza kuzijaza. Kwenye ya kwanza akaandika: kwa Mama Whitney. Kompyuta ikakataa, maana Nekoye alikuwa ameiamuru ikubali namba tu. Akaandika: nyuma ya choo cha kanisa, uliza. Ikakataa. Akaandika kwa Mama Whitney mara ya pili, kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta ilikuwa na shida ya masikio.

Miezi minane walivutana. Nekoye alimtumia ujumbe, akamtumia mfano, akamtumia picha ya geti la plot 62. Osewe alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, dakika nne kila mara, akianza na habari za mvua. Jibu lilikuwa lile lile: kuja uone. Nekoye akamjibu kwamba hana haja ya kuja. Maana nzima ya kuwa na kiwango ni kwamba mtu hahitaji kwenda. Anafungua kadi, anasoma, anaelewa. Kama lazima uende Soweto West ili ujue antena ya Soweto West iko wapi, basi afadhali warudi kwenye boksi la kadibodi.

Wiki tatu kabla ya ile Ijumaa, alifungua kompyuta akakuta kadi zote thelathini na moja zimejaa. Namba tupu, safi, hakuna choo wala kanisa. Nekoye alikaa dakika nzima akiziangalia. Alimwambia Muigai kwamba hata Osewe anafundishika, na jioni hiyo akala samaki, jambo ambalo huwa hafanyi katikati ya wiki.

Jumatano, siku mbili kabla ya kura, saa nne asubuhi kompyuta ilizunguka kama kawaida. Saa nne na dakika kumi Mama Whitney akapiga simu.

Mama Whitney ni fundi wa nguo Soweto West. Antena yake inalisha nyumba arobaini na ushee, na siku hiyo zote zilikuwa zimenyamaza. Nekoye akaangalia skrini. Antena zote za Kibera zilikuwa kijani, kila moja inakubaliana na kadi yake, kitu kilichompendeza kukitazama. Akamweleza Mama Whitney kwa upole kwamba hakuna shida. 

"Kwa screen yako ndio hakuna shida," akasema. "Mimi niko hapa na watu kwa mlango."

Nekoye akamwambia azime, awashe. Akazima, akawasha. Akamwambia azime, ahesabu hadi thelathini, awashe. Akafanya hivyo pia. Kufikia saa saba Mama Whitney alikuwa amepiga simu mara nane, na mara ya tisa aliyezungumza alikuwa mteja wake, mwanamume mwenye sauti nzito aliyetaka kujua huyu Nekoye ofisi yake iko wapi hasa. Nekoye akachukua begi lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda Soweto West tangu aanze kuandika kile kisanduku, ila wakati huo hakuligundua hilo.

Osewe alimngojea Makina karibu na msikiti, mikono mfukoni. Walitembea. Nekoye alikuwa ameiandika namba kutoka kwenye kadi, 114, na alikuwa akiitafuta milangoni. Akaiona, nyeusi na wazi, kwenye mlango wa kinyozi. Akasimama, akaangalia juu, akaona antena, akashusha begi. Osewe akamwambia bado, hapa si kwa Mama Whitney. Wakapita vichochoro vitatu, wakaruka mtaro, wakafika kwenye kibanda cha mabati chenye cherehani mlangoni na watu saba wamesimama bila furaha. Mlangoni kulikuwa na 114 nyingine, nyekundu. Pembeni yake kulikuwa na 27 ya rangi ya bluu. Chini kabisa kulikuwa na 9 nyeusi, imefutika nusu.

Nekoye akaziangalia zote tatu. Akamwangalia Osewe.

Osewe akamweleza, bila haraka. Nyekundu waliandika watu waliokuja kuhesabu nyumba wakati wa kujengwa barabara. Bluu ni ya wale wa mradi wa vyoo. Nyeusi ni ya sensa, au labda ya wale wa maji, hakuna mwenye hakika. Kila kundi lilikuja na rangi yake, likaanzia kona yake, likahesabu kwa njia yake, likaondoka halikurudi. Kibera haina mlango ambao haujahesabiwa, na hakuna hesabu mbili zinazolingana. Yeye Osewe alipochoka kukataliwa na kompyuta alizunguka na daftari, akachukua kila mlango namba iliyosomeka vizuri.

"Mzee, mbona hukuniambia hizi si namba za plot?"

"Madam, nimekuambia miezi nane. Ukasema unataka namba. Nikakupa namba."

Nekoye alitaka kupiga kelele na hakupiga, kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kimefika kwenye kosa, na kosa lilikuwa lake. Kadi mbili zilikuwa na 114, ya kinyozi na ya Mama Whitney. Ukurasa wa saba wa kiwango unasema plot moja, antena moja. Kadi mbili zikidai plot moja, ile mpya ndiyo mbadala na ile ya zamani inyamazishwe. Antena mbili za plot moja zisije zikapigiana kelele. Alikuwa amelifikiria sana sharti hilo. Wiki tatu zilikuwa na tarehe moja, basi hakukuwa na mpya wala ya zamani; kadi ya kinyozi ilikuwa imeguswa jana yake, hivyo leo saa nne kompyuta ikaiona mpya, ikaja hapa, ikamfunga Mama Whitney mdomo, kisha ikaweka rangi ya kijani.

 Mama Whitney alimwekea stuli. Nekoye akakaa, akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, kama amekaa kwenye nyumba hii muda gani. Miezi mitano, akasema. Na antena imekaa hapa muda gani? Mama Whitney akamtazama kana kwamba swali halina kichwa wala miguu. Miezi mitano, si amesema.

Ndipo ikatoka yote. Nyumba hii ni ya nne. Ya kwanza ilibomolewa barabara ilipopita, ya pili iliungua, ya tatu mwenye nyumba aliitaka kwa ajili ya mwanawe. Kila mara Mama Whitney alifungua antena kwa bisibisi yake, akaifunga kwenye leso, akaipandisha kwenye mkokoteni juu ya cherehani, na alipofika alikokwenda akampigia Osewe aje aipachike. Hakuona ajabu yoyote. Hivyo ndivyo Soweto West yote ilivyofanya tangu mwanzo. Mwenye nyumba hajui hata kama kuna antena juu ya mabati yake. Makubaliano ni na yule anayeipa stima na kuilinda, na watu wakitaka intaneti hawatafuti nyumba, wanamtafuta yeye. Akihama, majirani wa kule anakokwenda hufurahi, na wale anaowaacha humtafuta Osewe awageuzie antena yao impate.

"Hii si ya nyumba," Mama Whitney akasema. "Mimi ndio naichunga. Na mwezi ujao nahama, landlord anajenga ya mawe."

Nekoye akamuuliza sasa aandike mahali gani. Alikuwa anauliza kweli.

"Andika kwangu."

Waliirudisha antena kwa mkono. Osewe alipanda, Nekoye akashika ngazi, na hivyo wakavunja ukurasa wa nne, unaokataza kugusa antena kwa mkono, pale pale mbele ya mashahidi saba. Nyumba arobaini zikarudi. Lakini kesho saa nne kompyuta ingekuja tena na kuinyamazisha, kwa kuwa kadi ilikuwa bado inasema 114, na kadi haikosei. Nekoye alijua dawa yake ilikuwa kazi ya sekunde thelathini, kuibadilisha namba. Alimpigia Muigai. Muigai hakumwachia amalize habari za rangi tatu. Alimwambia aweke 115, wapite Ijumaa, mengine baadaye. Akaweka 115. Kompyuta ikaikubali mara moja. Hakuna mlango wa 115 pale, si mwekundu, si wa bluu. Kompyuta haikujali hata kidogo.

Hicho ndicho kilichomkera kuliko miezi minane ya Osewe. Alhamisi yote alikaa ofisini akiangalia ile 115 ya kijani. Ukweli, kwa Mama Whitney, ulikuwa umekataliwa mara mbili, hata kwa herufi kubwa. Uongo ulipokelewa bila swali. Aliufungua ukurasa wa kwanza, akasoma jina lake, akaufunga. Akajiambia kwamba ni kadi moja tu kati ya mia na kitu. Akajiambia kwamba Osewe mwenyewe hajalalamika. Alijiambia mengi siku hiyo, na kila moja lilikuwa na mantiki.

Ijumaa asubuhi ukumbi wa Makina ulijaa. Mwenyekiti wa muungano alikuwa Walubengo, mtu wa Nakuru mwenye miwani na subira kubwa, na aliangaza ukutani kadi za mitandao yote tisa, safu kwa safu. Akasema amefanya kazi hii miaka kumi na miwili na hajawahi kuona kitu kama hicho. Hakuna kisanduku kitupu hata kimoja. Watu wakapiga makofi. Muigai akapiga kuliko wote. Walubengo akasema kabla ya kura dada yetu Nekoye aseme maneno mawili.

Nekoye alikuwa ameandaa maneno mawili, ya shukrani. Alisimama, akaangalia ukutani, jicho likaenda lenyewe kwenye 115.

"Ile namba haipo," akasema. "Niliiweka mimi juzi. Naomba kura iahirishwe."

Muigai akainamisha kichwa, akaanza kuchunguza viatu vyake. Walubengo akavua miwani, na subira ikaanza kumwisha. Akauliza kama kosa la kadi moja linatosha kuangusha kazi ya mwaka mzima. Nekoye akaeleza habari za rangi tatu, za kinyozi na za leso, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi inavyoonekana jambo dogo, la kienyeji, la Kibera peke yake. Karibu akae. Badala yake akauliza, kwa sababu hakuwa na jingine la kusema: nyinyi namba zenu mlizitoa wapi?

 Watu wakaanza kutazamana. Kisha mama mmoja wa Kisumu, aliyekuwa ameketi mbele na ndiye aliyepiga makofi ya kwanza, akasema kwamba wao walitumia tarakimu za mwisho za simu ya mwenye antena. Mtu wa Mathare akasema wao waliandika moja hadi hamsini na mbili, kwa kufuata jinsi fundi alivyopanda. Kijana wa mtandao mwingine akasema wao waliandika mwaka, mwaka ambao kila antena ilipachikwa, ndiyo maana zote zilifanana, na ndiyo maana mtandao wao umekuwa ukizimika zimika tangu Machi na hawakutaka kumsumbua mtu. Walubengo akasafisha koo. Nakuru walitumia namba ya mita ya stima, akasema. Mita moja ni ya mlolongo mzima wa nyumba, kwa hiyo waliongeza tarakimu mwishoni, kwa kubahatisha.

Nekoye alisimama akiwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amengoja mwaka mzima kusikia wanavyokitumia kiwango chake, na sasa alikuwa anasikia. Mitandao minane kati ya tisa, na wa tisa ulikuwa wake mwenyewe. Watu wazima, waaminifu, waliokuwa wakijua kila antena yao imekaa kwa nani, na yeye akawafundisha kudanganya kwa umbo moja. Namba za kweli ukutani zilikuwa za Kawangware tu. Alizitafuta kwenye safu akaiona 62, geti lake mwenyewe, analofungua kila asubuhi akienda kazini. Alikuwa ameangalia nje ya dirisha lake, akaona namba getini, akaitungia nchi nzima sheria.

Kura ikaahirishwa kwa mwaka mmoja. Muigai aliondoka bila kumsemesha. Wengine walimpa mkono, wengine wakajifanya wana haraka, na kufikia adhuhuri ukumbi ulibaki na yeye, Osewe na viti vya plastiki vinavyosubiri kupangwa. Osewe alikuwa ameketi nyuma asubuhi nzima. Nekoye akaweka kompyuta yake juu ya kiti, akavuta kingine, akafungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba mzigo mbali akaambiwa haukuwa wa huku.

"Haya, mzee," akasema. "Tuanze upya. Antena iko wapi?"

"Hapo ndio unakosea," Osewe akasema. "Usiulize iko wapi. Uliza inakaa na nani."

Nekoye akafungua mdomo kumweleza kwamba kompyuta haiulizwi hivyo, kwamba nani na wapi ni visanduku viwili tofauti, na kwamba Kawangware kila keateka akiacha kazi kadi zote zingevurugika. Hilo la mwisho akamwambia, kwa ukali, akijua amempata. Kyalo akienda kwao Machakos asirudi, je, antena ya plot 62 itakuwa inakaa na nani?

"Na geti," Osewe akasema. "Kule inakaa na geti. Huku inakaa na mtu. Lakini lazima inakaa na kitu, na ukiuliza watu wa hapo watakuambia. Sisi tungekuambia."

 Nekoye alilitafuta swali lake la kisanduku cha Mahali, Antena iko wapi, kwenye ukurasa wa kwanza, lile aliloliandika miaka mitano iliyopita jioni moja akiwa jikoni kwake na kuliona zuri. Akalifuta, akaandika la Osewe mahali pake. Kisha akakaa akiliangalia, macho yakimuuma, kwa sababu lilikuwa bora kuliko lake.